Seleni ikitoroka: kufuata dalili hadi kwenye chanzo

Mwongozo huu ni wa fundi, msimamizi wa zamu, muuguzi wa zahanati ya kiwanda na yeyote anayeshika vitu vyenye seleni, mara nyingi bila hata kujua kuwa anaishika. Seleni yenyewe, ule unga wa kijivu au mweusi uliotulia ndani ya kopo, haina madhara makubwa, kwa sababu haiyeyuki kwenye maji na mwili hauichukui kwa urahisi. Taabu huanza inapopata moto au asidi. Ikiungua penye hewa hugeuka dioksidi ya seleni, moshi mweupe unaochoma ngozi na macho. Asidi ikikutana na selenidi, yaani seleni iliyoungana na metali, hutoka gesi ya hidrojeni selenidi, na hiyo ndiyo kali kuliko zote. Kwa hiyo kila dalili iliyomo humu, iwe ya mtu au ya mtambo, iulize kwanza: ni moto upi, au ni asidi ipi?

Kwanza hakikisha kama ipo mahali pako

Hakuna mgodi unaochimbwa kwa ajili ya seleni peke yake. Mwaka 1817 Jöns Jacob Berzelius na Johan Gottlieb Gahn waliigundua huko Sweden ndani ya tope jekundu la kiwanda cha asidi ya salfuriki, kilichotumia mawe ya mgodi wa shaba wa Falun. Mpaka leo sehemu kubwa ya seleni ya dunia inatoka kwenye masalia ya shaba. Shaba inaposafishwa kwa umeme, uchafu wake huzama chini ya tangi kama tope jeusi zito, tope la anodi, lenye dhahabu, fedha, teluri (elementi inayofanana sana na seleni) na seleni kwa pamoja. Ukanda wetu wa shaba nao una seleni: katika mgodi wa Musonoi, karibu na Kolwezi kule Katanga, yalipatikana madini ya seleni ambayo hayakuwa yamejulikana popote, likiwemo guileminiti lililotangazwa mwaka 1965.

Nje ya shaba, itafute kwenye viwanda vya vioo, kwenye rangi nyekundu na za machungwa za plastiki na kauri (zile za kadimiamu), kwenye uzalishaji wa manganizi kwa umeme, kwenye mpira, kwenye madini ya mifugo na kwenye shampuu ya mba. Itafute pia kwenye lenzi za mashine za leza, kwenye ngoma za mashine kuukuu za fotokopi, kwenye rektifaya za redio za zamani (vifaa vya kugeuza umeme wa AC kuwa DC), na kwenye dawa ya kugeuza chuma cha bunduki kuwa cheusi. Kwenye lebo tafuta herufi Se: SeO2, ZnSe, CdSe, Na2SeO3. Usipoiona popote kwenye orodha yako ya kemikali, na hakuna shaba iliyopita hapo, basi dalili ulizonazo zina mwenyewe mwingine.

Dalili: pumzi inanuka kitunguu saumu, mdomoni kuna ladha ya chuma

Mara nyingi mwenye dalili hii hana habari. Anayeisikia ni mke wake nyumbani, au abiria aliyebanana naye kwenye daladala. Mwili ukipokea seleni kupita kiasi huigeuza kuwa dimethili selenidi, kitu chepesi kinachotoka na pumzi kupitia mapafu. Ndiyo maana mswaki haufui dafu hapa: harufu inatoka kwenye damu, haitoki menoni.

Ukiwa na mtu mmoja tu mwenye harufu, muulize alikula nini. Kitunguu cha kweli huisha baada ya siku moja au mbili. Ukiwa na watu watatu wa zamu moja, acha kuuliza chakula, kaangalie tanuri. Chanzo cha kawaida ni pale tope la anodi linapochomwa ili seleni ipande kama mvuke: mlango wa tanuri usiofunga sawasawa, bomba la moshi lenye tundu, feni iliyopungua nguvu. Cha pili ni ufagio. Vumbi kavu likifagiliwa linarudi hewani, na anayefagia ndiye anayelivuta. Lowesha kwanza au tumia mashine ya kunyonya yenye chujio la vumbi laini. Cha tatu ni chai inayonywewa karibu na kazi kwa mikono isiyonawiwa.

Angalia usidanganyike. Teluri hutoa harufu hiyo hiyo, tena hudumu zaidi, na imo ndani ya tope lile lile. Aseniki nayo hutoa harufu ya kitunguu saumu na huambatana na shaba. Viuatilifu vya jamii ya ogano-fosfeti pia hunuka hivyo, ila mgonjwa wake hutokwa mate na jasho jingi na mboni za macho husinyaa. Huyo akimbizwe hospitali, hapana muda wa uchunguzi. Na kumbuka kuwa kukosekana kwa harufu hakumaanishi usalama. Wapo watu wenye seleni nyingi mwilini ambao pumzi yao haina neno. Kipimo cha kazini ni hewa yenyewe: Marekani ukomo wa kisheria wa seleni na misombo yake ni miligramu 0.2 kwa mita moja ya ujazo ya hewa, kwa wastani wa saa nane.

Hapa niseme juu ya maziwa. Viwanda vingi vyetu huwagawia wafanyakazi pakiti ya maziwa kila zamu, kwa imani kwamba yanatoa sumu ya vumbi. Maziwa ni chakula kizuri na mfanyakazi anastahili kuyapata, lakini hayaondoi seleni kwenye damu wala hayazuii mvuke kuingia mapafuni. Nimechoka kuona pakiti hiyo ikichukua nafasi ya feni. Fedha ikiwa ni ndogo, tengeneza feni kwanza.

Dalili: maumivu makali chini ya kucha, ngozi imeungua, kope zimevimba

Hii ni dioksidi ya seleni, na mara chache utakosea. Ni chembechembe nyeupe zinazovuta unyevu. Zikikaa kwenye ngozi yenye jasho hugeuka asidi, na asidi hiyo hupenya. Mfanyakazi amalize zamu bila kulalamika, kisha saa kadhaa baadaye kidole kianze kuuma kiasi cha kumnyima usingizi, kwa sababu unga ulijificha chini ya ukingo wa kucha. Wengi hudhani ni mdudu wa kidole na kukimbilia kukipasua. Angalia kwanza: mdudu wa kidole huja kwenye kidole kimoja chenye usaha. Huu huja kwenye vidole kadhaa vya mkono uliokuwa ukichota unga, ncha zikiwa nyekundu, mara nyingine kucha ikiwa imebadilika rangi.

Osha kwa maji mengi yanayotiririka, muda mrefu, ukisafisha chini ya kila kucha. Viwanda vinavyoijua kazi hii huweka karibu na sinki chupa ya thiosulfati ya sodiamu ya asilimia 10. Inaigeuza seleni kuwa ile ya kawaida isiyopenya, na maumivu hupungua. Iwekwe kabla ya ajali, lebo ikisomeka.

Vumbi la dioksidi hiyo hiyo likifika machoni husababisha hali ambayo wafanyakazi wake wanaitambua kwa macho tu: kope zote mbili zinavimba na kuwa za waridi. Ni mzio. Mtu wa namna hii akirudishwa penye vumbi hilo atavimba tena, hata kama vumbi ni kidogo. Miwani ya kawaida haimsaidii kwa sababu vumbi linapita pembeni. Anahitaji miwani inayokaza usoni, au kazi nyingine.

Chanzo kikitafutwa, kwa kawaida kinapatikana kwenye glavu. Glavu iliyotoboka ni mbaya kuliko kutokuwa na glavu, kwa kuwa inatunza unga na jasho pamoja. Tazama pia namna unga unavyopimwa. Kama mtu anachota kwa kijiko kutoka kwenye pipa lililo wazi, feni ya mezani ikimpepea usoni, umeshapata jibu.

Dalili: harufu ya figili iliyooza, kisha harufu ikapotea

Usifurahi harufu ikipotea. Hidrojeni selenidi hulemaza pua, na mtu anaacha kuisikia ingali ipo. Ukomo wake kazini ni sehemu 0.05 tu katika milioni moja ya hewa, na sehemu 1 katika milioni inahesabiwa kuwa hatari kwa uhai papo hapo. Pua haiwezi kupima viwango hivyo, na fundi anayesema "nikiisikia nitatoka" anajitegea mtego mwenyewe. Kinachotakiwa ni kifaa cha kupimia gesi chenye kengele.

Dalili za mtu: macho na pua vinawasha, kifua kinabana, kikohozi. Baadaye anapata nafuu na anataka kwenda nyumbani. Hapo ndipo watu wamepotea. Mapafu yanaweza kujaa maji saa kadhaa baada ya nafuu hiyo, kwa hiyo aliyevuta gesi hii apelekwe hospitali na abaki chini ya uangalizi hata kama anajisikia mzima.

Kutafuta chanzo, fuata asidi. Je, kuna mtu aliyemwaga asidi kwenye tope lenye selenidi? Je, lenzi au vipande vya zinki selenidi vimesafishwa kwa asidi? Selenidi ya alumini haihitaji hata asidi. Unyevu wa hewa unatosha kuitoa gesi. Gesi hii ina uzito karibu mara tatu ya hewa, hivyo hujikusanya kwenye mashimo, mitaro na vyumba vya chini. Asiingie mtu kuokoa mwenzake bila mtungi wa hewa mgongoni. Barakoa ya kitambaa na ile ya vumbi hazizuii gesi hata kidogo.

Dalili: lenzi ya leza imepasuka na kuna unga kwenye mashine

Mashine za leza za kukatia mbao na akriliki zimeingia kwenye karakana nyingi za mabango na vikombe vya zawadi, na wengi wanaozitumia hawajaambiwa kwamba ile lenzi ya rangi ya kaharabu ni zinki selenidi. Ikiwa nzima haina tatizo lolote, unaweza kuishika. Kinachoiua ni uchafu. Moshi wa mbao unaganda juu yake, doa linanyonya miale badala ya kuipitisha, doa linapata joto, na joto likizidi lenzi hunyonya zaidi. Dalili za awali zipo: leza inakata juujuu ingawa nguvu ni ile ile, mstari unakuwa mpana, na ukiitoa lenzi unaona duara la kijivu katikati. Fundi wengi hapo huongeza nguvu ya leza. Ndipo inapopasuka, na ikiungua hutoa moshi wa oksidi za seleni na zinki.

Ikitokea, zima leza, acha feni ya kuvuta moshi ikiendelea, toka nje na subiri mashine ipoe. Rudi na glavu za naitraili na barakoa inayobana, ukusanye vipande na unga kwa kitambaa chenye maji, utie kila kitu kwenye chombo kinachofungwa na kuandikwa jina. Usipulize kwa kompresa. Usiifute kwa siki wala asidi yoyote. Kwa usafi wa kila siku tumia karatasi ya lenzi na alkoholi ya isopropili, na hakikisha pampu ya hewa inayopuliza chini ya lenzi inafanya kazi, maana hiyo ndiyo inayouzuia moshi kupanda.

Dalili: rektifaya ya zamani inanuka vibaya

Kwa mafundi wa redio na chaja kuukuu: safu ya vibati vya mraba vilivyopakwa rangi na kupachikwa kwenye msumari mmoja ni rektifaya ya seleni. Ikifa kwa kuungua hutoa uvundo usiosahaulika. Chomoa umeme, fungua madirisha, ondoka mpaka uvundo uishe. Weka diodi ya silikoni badala yake, lakini usiiunge hivi hivi. Silikoni inapoteza volti chache kuliko seleni, hivyo volti ya upande wa pili itapanda na kapasita za zamani zinaweza kulipuka. Unga rezista mfululizo na diodi na upime.

Dalili: chupa inatoka na wekundu, au kijani hakiondoki

Mchanga wa kioo una chuma kidogo, na chuma hutia kioo rangi ya kijani. Seleni huongezwa kidogo sana ili wekundu wake uufute kijani hicho, na kobalti kidogo husawazisha kilichobaki. Kioo kikitoka na wekundu wa waridi, seleni imezidi. Kikibaki kijani, wengi huongeza seleni, na hapo ndipo nawasihi wasimame kwanza. Sehemu kubwa ya seleni inayotiwa huwa inaruka na moshi wa tanuri, hivyo kuongeza bila kujua sababu ni kuongeza sumu kwenye bomba la moshi na kwenye vumbi ambalo mafundi watakwangua siku ya ukarabati.

Pima chuma cha mchanga na cha vigae vya chupa za zamani vilivyorudishwa. Shehena moja ya vigae vya kijani inatosha kuharibu hesabu. Kisha angalia moto wa tanuri. Oksijeni ikizidi, seleni hubadilika kuwa seleniti na selenati (misombo ya seleni na oksijeni) zisizo na rangi, ikawa imo ndani ya kioo lakini haifanyi kazi. Oksijeni ikipungua sana, inaungana na chuma na kutoa rangi ya kahawia. Kurekebisha moto ni bei nafuu kuliko kununua seleni, na mapafu ya watu wa tanuri yanapumua.

Kwa manganizi inawezekana kuiacha kabisa. Mitambo mingi ya China hutia dioksidi ya seleni kwenye matangi ili umeme ufanye kazi zaidi, lakini kiwanda cha Mbombela, Afrika Kusini, kimezalisha manganizi isiyo na seleni kwa miaka mingi kwa kutumia dioksidi ya salfa.

Dalili: nywele zinakatika, kucha zinang'oka

Hii ni sumu ya taratibu, na mara nyingi imepitia mdomoni. Katika vijiji vya Enshi, mkoa wa Hubei, China, mlipuko wa ugonjwa huu wa mwaka 1961 hadi 1964 uliwapata watu waliokula mazao ya udongo uliolowa seleni ya makaa ya mawe. Nywele zilikatika shinani, kucha zikapata madoa meupe na mistari, zikavunjika na kudondoka. Watafiti walikuja kukadiria kwamba walikuwa wakila karibu miligramu 5 kwa siku. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 55. Marekani imeweka kikomo cha juu kuwa mikrogramu 400 kwa siku, na mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilikishusha hadi 255 mwaka 2023.

Mwaka 2008 madhara kama hayo yalitokea Marekani kwa njia ya kirutubisho cha maji kilichochanganywa vibaya: dozi iliyotakiwa kuwa na mikrogramu 200 ilikuwa na 40,800. Watu 201 waliugua, wengi kwa kuhara, uchovu, maumivu ya viungo na kupoteza nywele. Makosa ya namna hii yanaweza kuwa ya vipimo tu, kama miligramu kuandikwa mahali pa mikrogramu. Wafugaji nao wajihadhari wanapochanganya seleniti ya sodiamu kwa mkono: huko Florida, Aprili 2009, farasi 21 wa polo walikufa baada ya kupewa dawa iliyozidishwa seleni.

Fangasi ya kucha huanza na kucha moja au mbili, ambayo hunenepa na kuwa ya njano. Seleni hushika nyingi kwa pamoja na huzifanya zivunjike. Ganzi ya vidole ikiandamana na kunyonyoka nywele, daktari akumbuke pia aseniki na thali (metali yenye sumu). Matibabu ni kukata chanzo. Nywele na kucha huota tena. Hakuna dawa ya kuivuta seleni itoke mwilini, na zile dawa za kuvuta metali nyingine, zinazouzwa mtandaoni kama "detoksi", zinaweza kuzidisha madhara.

Kuna wanaonyonyoka nywele na kununua vidonge vya seleni wakidhani wamepungukiwa. Upungufu upo kweli: ugonjwa wa moyo wa Keshan, uliopewa jina la wilaya ya China ulikoonekana mwaka 1935, ulihusishwa nao, na Finland imekuwa ikitia seleni kwenye mbolea tangu miaka ya 1980. Lakini huko Karawa, kaskazini mwa Zaire ya wakati ule, watu waliopungukiwa iodini na seleni kwa pamoja walipewa seleni peke yake, na utafiti uliochapishwa mwaka 1991 ulionyesha kuwa homoni za tezi zao za shingo zilishuka zaidi. Penye rovu, iodini hutangulia.

Aliyekunywa

Dawa ya kutia chuma weusi ina asidi ya seleni. Kiasi kidogo tu kimeua watu ndani ya saa chache. Usimtapishe; mpeleke hospitali pamoja na chupa yenyewe.

Kwenda kupima

Omba damu na mkojo. Mkojo unaonyesha kilichoingia siku za karibuni, damu inaonyesha mrundikano. Kipimo cha nywele kina mtego: aliyetumia shampuu ya selenium sulfaidi kwa mba au utangotango atatoa majibu ya juu hata kama mwilini hamna kitu, maana dawa imeshika nje ya unywele. Mfanyakazi wa Tanzania ana haki ya kupimwa afya kwa mujibu wa Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003. Aende na karatasi iliyoandikwa jina la kemikali kama lilivyo kwenye lebo, kazi anayofanya, mara ya mwisho alipoishika, shampuu na virutubisho anavyotumia, na majina ya wenzake wa zamu wenye dalili kama zake.